Mama Anakuulizia

Tangazo la biashara likinijia kwenye barua pepe kwa sauti ya ndugu, nalifuta hapo hapo. Sitanii. Nasikia kichefuchefu kabisa, na wanangu hunicheka.

Nilikuwa nauza tiketi za ndege Moroni, ofisi yetu ghorofani, chini duka la vitambaa, hatua chache kutoka soko la Volo Volo. Wakati ule kisiwa chetu cha Nzuani kilikuwa kimejitenga na nchi. Ndege za kwenda uwanja wake wa Ouani zimesimama, simu za mji wake wa Mutsamudu zimekufa, na mama yetu yuko huko huko. Kaka yangu, niliyezaliwa naye wawili tu, alikuwa Marseille akingoja karatasi za ukaazi. Wakili wake alikuwa amemwonya: ukitoka Ufaransa kabla hazijatoka, usitegemee kurudi.

Bosi wetu alikuwa na wazimu mmoja: watu wafungue barua pepe zetu za matangazo. Kuandika kichwa cha barua, ule mstari mtu anaouona kabla hajafungua, ilikuwa kazi yangu. Naandika, "Nauli ya Marseille hadi Moroni imeshuka." Anasonya. "Dada, mstari huu umelala! Watu wana uchungu na kwao sasa hivi. Waguse hapo hapo!" Alikuwa anatafuna sambusa, mafuta yanamchuruzika kidevuni. Uchungu wa watu kwake ulikuwa mtaji, na kidevu kile nikikikumbuka mpaka leo nasikia kinyaa.

Ijumaa moja, nimeshaondoka, akauandika mwenyewe: "Mama anakuulizia. Njoo nyumbani." Jina la mtumaji akaweka langu, eti watu hufungua barua ya mtu kuliko ya kampuni.

Astaghfirullah! Kwetu, awe Mngazija wa huku Moroni au Mnzuani, aliye ugenini hapewi habari ya msiba kavu kavu. Huambiwa mama anamuulizia, aje. Naye haulizi, maana akiuliza anamlazimisha mwenzake alitamke. Anafunga mzigo, anakuja. Bosi alilijua hilo tangu utotoni. Kwao Itsandra, jirani na Moroni, si mgeni. Jumatatu nilipoiona barua nikamwambia aombe radhi kwa watu wote aliowatumia.

"Radhi ya nini?" akasema, anachekelea. "Mbona wameifungua kwa wingi!"

Sikujua kwamba kaka yangu naye alijiandikisha kupokea matangazo yetu, kwa kutaka kunifurahisha tu.

Jioni ile ile simu ikalia, ni kaka. "Nimeshuka Hahaya. Njoo unichukue."

Nilimkuta nje ya uwanja wa ndege amevaa kanzu nyeupe, macho yamevimba, tasbihi mkononi.

"Nimemsomea Yasini njia nzima," akasema. "Mmemzika lini?"

"Nani?"

"Mama."

"Mama mzima! Juzi tu nimeletewa salamu zake na mtu aliyevuka kwa boti."

Akapiga kelele za alhamdulillahi, akanikumbatia, akaniinua juu kama enzi za utoto. Tukacheka kama wehu. Kisha akakumbuka karatasi zake. Akakaa juu ya begi lake, akainamisha kichwa. Miaka yake yote ya kuosha vyombo vya watu kule ilikuwa imekwisha pale pale.

Asubuhi nilimvaa bosi. Nikamweleza yote. Akageukia kompyuta, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Lakini kaka yako hakuifungua," akasema. "Mashine inaonyesha. Hapo sisi hatumo."

Kweli, hakuifungua. Afungue nini, na mstari umeshamwambia yote? Nilitema mate sakafuni kwake, ptuu, nikachukua mkoba wangu na sikurudi tena. Nilipita katikati ya Volo Volo nikiwaza kwamba muuza samaki akikuambia wa leo kumbe wa juzi, angalau una pua.

Simu za Mutsamudu zilirudi baadaye, kaka yuko kwangu bado, hana kazi. Mama akapiga. Nikampa kaka azungumze naye, nikabaki ubavuni mwake nasikia kila neno.

"Hee! Uko Moroni?" Mama akashangaa. "Na karatasi zako je? Nani kakuita, mwanangu?"

Kaka akanitazama, kisha akatazama ukutani.

"Ni wewe, Mama," akasema. "Nilisikia unaniulizia."