Nilirudi Nyumbani na Nusu ya Jibu

Nalitaja kosa langu hapa juu kabisa, kabla aibu haijanishika nikachana karatasi. Nilitumwa kuchukua jibu la kibali cha kumjengea bibi yangu chumba, nikaleta nusu ya jibu. Nusu nyingine niliimeza. Leo Bibi haoni, na mimi ndiye ninayemshika mkono kwenda chooni.

Sina wa kumwambia. Mimi siyo mtu wa kuongea. Darasani mwalimu akiuliza swali, jibu ninalo lakini sauti inagoma, mpaka wenzangu wananiita Bubu. Yangu yote huwa nayaandika, nafunga, nalala. Hili nimeliandika mara nyingi na bado silali. Ndiyo maana nakuletea wewe usiyenijua.

Tunakaa Mabatini, upande wa juu kwenye mawe. Nyumba yetu ina sebule, chumba cha Baba na Mama, na chumba cha kona. Hicho cha kona kilikuwa cha dada yangu. Alipoolewa nikakirithi mimi. Wewe uliyezoea kulala na mlango wako huwezi kunielewa! Maisha yangu yote nililala sebuleni na wadogo zangu wawili, mmoja anapiga mateke, mwingine anasoma kwa sauti kila nilichoandika huku akibana pua. Siku nilipofunga ule mlango mara ya kwanza, nilikaa tu kitandani nikisikiliza kimya. Nilikaribia kulia kwa raha.

Sasa Bibi. Ni mama yake Mama, alikuwa akiishi Misungwi peke yake tangu Babu afariki. Akapatikana na presha ya macho. Daktari wa huku mjini alisema ni ugonjwa wa hila, hauumi, unakula macho polepole. Dawa ni matone, kila siku bila kukosa, na aonwe hospitali mara kwa mara. Lakini Bibi mikono inatetemeka! Akijitia mwenyewe, matone yanaishia shavuni. Ikabidi aje kwetu.

Hapo ndipo lilipoingia suala la Baba. Usifikiri Baba hamtaki, la! Kwetu sisi, mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaogopana. Ndiyo heshima yenyewe. Hawali pamoja, hawapeani mikono, na kulala nyumba moja yenye mlango mmoja na choo kimoja, hilo halipo kabisa. Bibi akija kutusalimia hulala kwa jirani. Baba akimwona kwa mbali anakata kona. Kuna siku walikutana ghafla kwenye njia ya mawe, Baba akaparamia jiwe kama mbuzi, na mfuko wa misumari mkononi. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Mume wangu, utavunjika kiuno!"

"Acha kivunjike. Ameshapita?"

Kwa hiyo Baba aliamua kujenga chumba cha Bibi nyuma ya nyumba, chenye mlango wake na choo chake. Baba ni fundi wa kupaua, mambo ya ujenzi anayajua, na tofali alishaanza kukusanya. Akapeleka mchoro ofisi ya halmashauri kuomba kibali. Kila akienda anaambiwa arudi siku nyingine. Halafu akapata kazi ya kupaua huko Magu, na mimi nilikuwa likizo.

"Nenda wewe, msomi wetu," akaniambia. "Vaa sare. Wakiona sare hawakuzungushi."

Msomi wetu. Hivyo ndivyo Baba alivyokuwa akiniita. Kumbuka hilo neno.

Ofisini nilimkuta mama mmoja mwenye miwani. Nikamwamkia, akaitikia, akafungua faili.

"Baba mwenyewe yuko wapi?"

"Kazini, Magu."

"Unaongea na mimi au na viatu vyako?"

Wenzake wakacheka. Nikatamani sakafu ipasuke! Lakini alikuwa mama mzuri, jamani, alikuwa mzuri kuliko mimi. Akanivutia kiti, akanionyesha mchoro wa Baba.

"Sikiliza, mwanangu. Hiki chumba cha nyuma tumekikataa. Hapa ndipo maji ya mlimani yanaposhukia. Mkiziba, mvua ikinyesha yote yanaingia kwa jirani wa chini. Barua yenu hii hapa, imeeleza. Kwani mlitaka kumweka nani?"

Nikamweleza kwa sauti ya chini habari ya Bibi, macho yake, na Baba. Akatabasamu.

"Hata kwetu ni hivyo hivyo. Mume wangu akimwona mama yangu anasahau na kofia yake." Kisha akaweka kalamu kwenye kona ya mchoro. "Na hiki chumba, nani analala?"

"Mimi."

"Sasa mnahangaika nini? Toboeni mlango hapa, utokee nje. Huu wa ndani mzibeni kwa tofali. Choo kidogo kikae hapa pembeni. Hamzibi maji ya mtu, na Bibi anapata nyumba yake. Baba alete mchoro mpya, huo hautakataliwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Nilitoka na barua mkononi. Sikwenda moja kwa moja nyumbani. Nilipanda kwenye jiwe langu, lile ninalokaa kuandika, ziwa likionekana chini kati ya mabati. Nikawaza. Ina maana narudi sebuleni? Kwenye mateke? Na mitihani ya kidato cha nne inakuja, nitasomea wapi? Mbona dada yangu hakuambiwa atoke? Nikajiambia Baba ni fundi, atapata njia nyingine tu. Nikajiambia Bibi mwenyewe anapenda kwake, ana mihogo yake, ana kuku wake. Nilijiambia mengi! Mtu mkimya kwa watu, kichwani mwake ni mwongeaji ajabu.

Baba alirudi, akasoma barua akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa.

"Hawakusema kitu kingine?"

Angalia swali lenyewe lilivyokuwa wazi! Baba yangu aliufungua mlango kabisa, mimi nilitakiwa kupita tu.

"Hapana, Baba."

Maneno mawili. Mimi ambaye maneno yanakwama kooni, hayo mawili yaliteleza kama yamepakwa mafuta.

Baba aliwaka. Nyumba yake mwenyewe, tofali zake mwenyewe! Akasema atajenga hivyo hivyo, waje waone. Mama akamshika. Jirani yetu mmoja alijenga bila kibali, wakampigia alama ya X nyekundu ukutani, akabomoa kwa mikono yake huku wanawe wanatazama.  Baba akazifunika zile tofali kwa turubai.

Mama akampigia Bibi simu, akaweka sauti kubwa tusikie wote.

"Mama, njoo hivyo hivyo. Hii ni shida, watu wataelewa."

"Nije nilale mlango mmoja na mkwe wangu?" Bibi alishtuka kama ameambiwa avue nguo sokoni. "Niamke nikutane naye anatoka kuoga? Wewe mtoto, nani alikulea?"

"Basi tukupangie chumba hapa jirani."

"Nikae peke yangu kwa watu? Si bora nikae peke yangu kwangu. Matone nitajitia, wala msihangaike. Mjukuu wangu yupo? Mwambieni namsalimia."

Nilikuwa nimekaa palepale. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya pili. Ningesema, "Mama, kuna njia," na mambo yangeisha siku hiyohiyo. Nilinyanyuka, nikaingia chumbani kwangu, nikafunga mlango. Na usiniulize kama nilijisikia vibaya. Nilijisikia nimepona! Hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote.

Muda ukapita. Mama alikuwa akienda Misungwi kila alipopata nafasi, lakini anauza dagaa, na asiyeuza hali. Bibi kwenye simu alikuwa mzima siku zote. Macho hayaumi, alisema. Yupo vizuri tu. Kumbe kwa sababu hayamuumi, matone alikuwa anayabania yasiishe haraka, ili asimsumbue Mama!

Siku moja Mama alifika bila kutoa taarifa. Bibi alikuwa jikoni anasonga ugali. Mama akasimama mlangoni, hakusema kitu, alitaka kumfanyia mshangao. Bibi akainua uso, akatazama moja kwa moja alipo, akaendelea kumimina unga. Unga ukawa unamwagika pembeni ya sufuria, kwenye majivu.

Mama alitusimulia hayo akiwa ameshika mdomo.

Hospitali walisema macho yameshaharibika na hayawezi kurudi. Bibi ni mtu wa mwanga na kivuli tu sasa. Aliposikia, aliuliza kama kuku wake wamefungiwa.

Kesho yake Baba alikwenda ofisini mwenyewe, safari hii kuomba, hata kupiga magoti kama ingebidi. Mimi nilibaki nyumbani, nikijua anayekwenda kukutana naye ni yule mama mwenye miwani.

Akarudi. Hakusalimia. Alichukua nyundo na tindo kwenye boksi lake la kazi, akaja chumbani kwangu, akasimama mlangoni. Nikajua amejua. Nilingoja kofi. Wallahi nilitamani kofi!

"Toa vitu vyako," akasema taratibu.

Nilitoa godoro. Nikatoa nguo, madaftari, kioo changu. Nikawa napita na mizigo, naye anapiga ukuta, vumbi jeupe linamshukia kichwani kama amezeeka ghafla. Mama, aliyekuwa anarudi kutoka sokoni, akaja mbio kwa kelele zile.

"Kulikoni?"

"Wamekubali," Baba akasema bila kugeuka. "Chumba cha kona. Tutoboe mlango wa nje, huu wa ndani tuzibe."

"He! Kumbe ilikuwa rahisi hivyo? Kwa nini hawakutuambia tangu mwanzo?"

Nyundo ikasimama. Baba akanitazama mimi, na godoro langu kifuani. Nikaficha uso nyuma ya godoro. 

"Hizi ofisi," Baba akasema. Akaendelea kugonga.

Mpaka leo hajamwambia Mama. Amenifichia. Na tangu siku hiyo hajaniita msomi wetu hata mara moja. Akiwa na la kutuma anamtuma mdogo wangu, yule wa mateke, na akirudi anamuuliza, "Umesema yote waliyosema?" Haulizi kwa ubaya. Lakini mimi nikiwa jikoni nasikia, na kisu kinanikata kidole.

Bibi alihamia. Alipapasa kuta zote, akapapasa mlango mpya, akapapasa uso wangu kwa viganja vyote viwili.

"Chumba kilikuwa cha nani hiki?"

"Cha mjukuu wako," Mama akasema kwa fahari. "Amekutolea yeye."

Ee Mungu wangu! Bibi alinikumbatia akalia. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kunywa uji, anasali kwa sauti, na ndani ya sala yake nimo. Mungu amfungulie mjukuu wangu aliyenipa chumba chake. Sebuleni namsikia kupitia tofali za mlango uliozibwa. Baba naye anasikia. Hatutazamani.

Heshima yao bado ipo. Kwa kuwa Bibi hamwoni tena mkwe wake, Baba akitaka kupita uani anakohoa kwanza, Bibi anajivutia kanga usoni na kugeukia ukutani. Zamani tungecheka. Siku hizi kile kikohozi kinanichoma. Baba anamwambia Bibi nipo hapa, na Bibi hana njia nyingine ya kujua.

Matone sasa natia mimi, daktari alisema yasiachwe, yalinde kile kimwanga kilichobaki. Mkono wangu hautetemeki hata kidogo. Tone linaingia katikati ya jicho, kila siku, vizuri kabisa. Ilikuwa kazi ndogo hivi!

Baada ya hapo tunakaa mlangoni. Mlango ule Baba alioutoboa unatazama ziwa, na Bibi ameupenda kwa ajili ya upepo. Kila asubuhi ananiamkia kwa kilugha chetu.

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Ziwa limeamkaje?"

Hapo mimi, Bubu, naongea. Namwambia leo ni la kijivu. Leo lina mitumbwi mingi. Leo jua linalichoma mpaka mtu anafumba macho. Bibi anatikisa kichwa kama anaona.

Wewe unayesoma, hasa wewe wa rika langu. Ukitumwa na wazazi kuchukua jibu, lilete lote, na lile linalokuumiza wewe ulitaje la kwanza, kabla hujapata muda wa kukaa juu ya jiwe na kuwaza. Usijidanganye kwamba kunyamaza siyo kusema uongo. Na usingoje kuulizwa mara ya pili. Mimi niliulizwa mara moja tu, nikajibu maneno mawili. Chumba ninachokililia nilikipoteza hata hivyo, na bibi yangu akapoteza ziwa.

Haya yote nimeyaandikia hapa mlangoni, Bibi akiwa pembeni yangu kwenye mkeka. Tangu juzi anasikia kalamu ikikwaruza.

"Unaandika nini mjukuu wangu, hakiishi?"

"Kazi ya shule, Bibi." Tazama, bado! Hata hapo!

Asubuhi hii ameuliza tena. Baba alikuwa uani, ameshakohoa, anasubiri kupita. Nikamwambia, "Bibi, siyo kazi ya shule. Nikimaliza nitakusomea."

Baba hakupita. Alisimama palepale.

Nimemaliza.