Kiti cha Baba, Safu ya Kumi na Nne

Gus Wojtas, fundi wa mabasi ya shule, hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Wauza magari wakimwona analikaribia duka lao, walikumbuka ghafla kwamba wana kazi uani. Walioweza kumpiga changa la macho ni Wavunja Barafu peke yao, timu ya mpira wa Kimarekani ya mji wao wa ziwani. Walimfanyia hivyo tangu utotoni, na kila msimu alirudi.

"Tunajenga upya," uongozi ulisema. Huo ulikuwa mwaka wa nne wa kujenga, na msingi haujaonekana.

Faida pekee ya kushika mkia ni kuchagua kwanza. Kila Aprili timu hugawana vijana wanaotoka vyuoni, na iliyo mbovu kuliko zote hutangulia. Majira yote ya baridi Gus alikuwa na daftari lake, akipima, akifuta, akiandika tena. Mwisho yalibaki majina mawili: mrusha mpira kutoka Texas mwenye meno kama tangazo la dawa ya mswaki, na Tavita Leota wa Utah, pande la mtu la kilo mia na hamsini, ambaye kazi yake ni kumkinga mrusha mpira asiangushwe.

"Yule wa Texas atauza jezi," alisema Bernadine, mwenye baa. "Hilo jitu lako nani atanunua jezi yake?"

"Mimi."

"Wewe? Hiyo uliyovaa ina mafuta ya basi tangu mume wangu yu hai!"

Gus alicheka, lakini hakuyumba. Shuleni alicheza nafasi hiyo ya Leota, ambayo jina lako hutajwa siku uliyokosea tu. Tena Wavunja Barafu walikuwa wameumiziwa warusha mpira watatu mfululizo, wote kwa kukosa mtu wa kuwakinga.

Kisha, Ijumaa moja ya Kwaresima, meneja wa timu, Bwana Prewitt, alitokea ukumbi wa parokia kula samaki wa kukaanga na waumini. Gus alimfuata mpaka mezani.

"Mzee wangu," Prewitt alimwambia, akimshika mkono kwa mikono yake miwili, "tunaanza na mtu wa kukinga. Chukua neno langu."

Gus alilichukua, akalipeleka moja kwa moja kwa mdogo wake, Lenny. Marehemu baba yao aliwaachia viti viwili vya msimu uwanjani, vya kulipiwa kila mwaka, safu ya kumi na nne. Kimoja kilikuwa cha Gus. Kile alichokalia baba mwenyewe kilikuwa cha Lenny, naye alishachoka. Fomu za kuendelea navyo zilifungwa saa sita mchana, siku ileile ya kuchagua wachezaji. Klabu haina haya: unatia sahihi kwanza, unaona baadaye.

"Kaka, niache mimi," Lenny alisema. "Nimekaa kwenye theluji miaka thelathini naangalia watu wakianguka."

"Ukikiachia ndiyo basi. Klabu wanasema foleni ya kusubiri ni miaka kumi na miwili. Na safari hii nimepewa neno, Lenny."

"Haya. Nitasaini."

Siku yenyewe, saa tano na nusu, Gus alimpigia simu. "Umesaini?"

"Nimesaini bwana, usinisumbue!"

Jioni baa nzima ilikuwa mbele ya runinga. Mtangazaji akasema Wavunja Barafu wamewaachia Nyigu nafasi yao ya kwanza, ili wao wapewe nafasi za Nyigu za mwakani na mwaka utakaofuata. Nyigu, mahasimu wao wakubwa, wakamchukua Tavita Leota. Prewitt akaonekana akitabasamu, akiomba subira.

Gus aliumia, na aibu ilimzidi maumivu, maana yeye ndiye aliyemdhamini yule mtu kwa ndugu yake. Lenny alimgusa bega, akasema "Pole, kaka," bila kumtazama usoni. Gus akadhani ni huruma.

Septemba, mchezo wa kwanza, dhidi ya Nyigu haohao, alifika mapema na mito miwili ya kukalia, wake na ule wa baba. Kwenye kiti cha baba alikuta mtu mwenye jezi ya manjano ya Nyigu, imeandikwa LEOTA.

"Samahani, bwana. Hicho kiti kina mwenyewe."

"Mwenyewe mimi," yule mtu alijibu kwa upole, akionyesha tiketi kwenye simu. "Klabu wamenipa. Kilirudishwa Aprili."

"Na foleni?"

"Foleni gani? Nilipiga simu Jumanne, Jumatano nikapata."

Gus alimpigia Lenny. "Uliniambia umesaini."

"Nilikuambia."

"Umenidanganya, mdogo wangu. Wewe!"

"Prewitt naye si alikudanganya? Yeye umemsamehe, umekwenda tena uwanjani." Lenny akaongeza, "Ningekwambia ukweli, ungenielewa?"

Gus alikata simu, akaketi. Uwanjani Leota alimzoa mlinzi wa Wavunja Barafu, akamlaza chini, na jirani wa Gus mwenye jezi ya manjano akaruka akishangilia, kisha akajizuia kwa adabu.

"Huyu mlikuwa naye mkononi," alisema.

"Najua," Gus akasema. Aliupakata mto wa baba mpaka mchezo ukaisha.