Samurai Jikoni Loresho

Kwa miaka mingi nimekana, kwa kiburi cha kisomi, kwamba filamu za samurai huniliza. Juzi nilimwona samurai mmoja, mpiganaji wa Kijapani, kwenye televisheni ya duka, amepiga magoti: bwana wake anamwita, nduguye pia anamwita.

Baba alikuwa mpishi katika nyumba moja ya mtaa wa matajiri wa Loresho. Alasiri moja jikoni kulinukia vitunguu na samli, mama akiwa amelazwa hospitalini, akimwulizia baba. Lakini mdosi, tajiri aliyemwajiri, alikuwa na wageni. Kwenye televisheni ndogo ya jikoni, samurai kama huyo alisita kati ya bwana wake na nduguye.

“Profesa,” baba alinitania, “huyu aende wapi?”

“Abaki kwa mdosi wake. Si ndiye anamlisha?”

“Ni kweli,” alisema, akarudi kwenye sufuria. Nilidhani tulikuwa tukizungumzia filamu.

Simu ya ukutani ikalia. Ilikuwa hospitali: mama alikuwa amekata roho, hakuwa akimwulizia tena.