A kwa Kidole cha Kuonyeshea

Katika shule yetu ya jioni pale Masisi tulijifunza kupiga mashini ya kuandikia bila mashini. Mwalimu alichukua mlango mkuukuu, akaulaza juu ya mawe, akachoma herufi juu yake kwa chuma cha moto, kwa mpango wa mashini za Kifaransa: A, Z, E, R, T, Y. Tukakaa kando ya huo mlango kama watu wanaokula sahani moja, tukaugonga hadi ng'ombe wa mlima wa pili wakaacha majani. Waliotoka shambani walitucheka.

"Kaka, mugonge tu! Iko siku watawafungulia!"

Mwalimu alikuwa na sheria moja kali: kengele yake ikilia, mikono juu. Aliyegusa tena herufi alifagia darasa.

Basi ofisi ya teritware, yaani ya serikali ya wilaya, ikatafuta daktilo, mpiga mashini wa matangazo ya Kiswahili, yale ya kupelekwa mpaka Walikale. Mimi nilikuwa mchumaji wa kahawa. Kazi hiyo niliitaka kuliko hewa, maana mgongo wangu ulikuwa umeshapinda kama mundu.

Karani mkuu alikuwa mtu mweusi kama mimi, ila tai yake ilimsahaulisha. Alinikalisha mbele ya mashini ya kweli, akafunika mikono yangu na kitambaa ili nisichungulie herufi, akaanza kusoma tangazo la chanjo. Nikapiga nilivyozoea kupiga mlango. Meza ikatembea. Kila O ikatoboa karatasi. Halafu, mwisho wa mstari, mashini ikalia: kling!

Nikainua mikono juu.

Karani akaningoja. Na mimi nikamngoja.

"Umekamatwa na polisi?" akauliza.

"Kengele imelia, papa."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kengele inakuambia usukume hii gari inayobeba karatasi, urudi mwanzo wa mustari! Toka hapa. Vidole vya kahawa, rudi kwenye kahawa."

Sikusimama. Kiti kile, hata tembo asingenitoa.

"Papa, mulango wetu haukuwa na gari. Sasa nimeiona. Soma."

Nikaisukuma gari kwa nguvu kiasi kwamba wino ulitikisika ndani ya chupa yake. Akasoma, midomo imekaza. *Watu wote wa kando ya barabara, wanaume na wanawake, walete watoto...* Kitambaa kikaanza kuruka kama kuku aliyefunikwa na kitunga. Karani akakinyakua.

"Unapiga A na kidole gani?"

"Cha kuonyeshea."

"A iko ya kidole kidogo! Kitabu njo kinasema hivyo!"

"Kitabu kinasema Kifaransa, papa. Kwa Kiswahili A ni nyingi kama siafu. Hiki kidole kidogo kitazikwa mbele ya saa sita."

"Klavye ya hizi herufi ilitengenezwa hivyo."

"Na mukono wangu ulitengenezwa hivi, mbele hiyo klavye haijakuwako."

Uso wake ulivimba kama unga wa mkate. "Piga na kidole kidogo, ao acha kiti."

Nilimtazama machoni, nikapiga *wanawake* tena, kila A kwa kidole kilekile, taratibu, ili aone vizuri. Nje, dereva wa lori la Walikale alikuwa anapiga honi. Lilikuwa linangoja tangazo hilo tu. Karani akatazama dirisha, akanitazama, akasoma sentensi iliyobaki huku sauti yake imekauka. Nikaimaliza.

Akaichomoa karatasi, akaielekeza kwenye mwanga. Jua lilipita katika kila O.

"Hii tangazo itavuja mvua," akasema.

"Lakini inasomeka, papa."

Akagonga muhuri, akampa mpiga honi. Kisha akaketi, akanyoosha tai.

"Kesho ufike mbele yangu, nikukute kwenye kiti. Na A utaipiga na kidole kidogo."

"Nitafika mbele yako, papa," nikajibu. Habari ya kidole sikuijibu.