Mtaalamu wa Kondoo wa Ghorofa ya Tisa

Raushan aliliacha somo la arudhi, yaani kanuni za mizani ya mashairi, kwa sababu mwalimu wake alikuwa akisinzia katikati ya ubeti, na darasa zima likabaki kimya kumngoja aamke. Aliona amefanya jambo la busara. Kumbe alikuwa amejipalia makaa, maana ikama, kibali cha mwanafunzi mgeni cha kukaa nchini, hufuata masomo yake: yakipungua, mwenyewe anarudishwa kwao.

Umm Laith wa ofisi ya wanafunzi wageni, mama mpole kwa kila jambo isipokuwa kanuni, alimweleza huku akimmiminia chai. Bila masomo kamili, chuo hakitoi barua. Bila barua, hakuna ikama. Bila ikama, afunge begi. Na masomo yote yalikuwa yameshajaa, isipokuwa moja: Ufugaji wa Kondoo kwa Vitendo.

"Lakini mimi nasoma mashairi, Umm Laith."

"Na hao washairi wa zamani walikuwa wanafuga nini, mwanangu, kuku? Weka sahihi hapa."

Akaweka. Angefanyaje? Mama yake kule Almaty alishawatangazia majirani wote kwamba binti yake atarudi na shahada, na majirani wale hawasahau kitu. Raushan aliogopa kurudi mikono mitupu kuliko alivyoogopa kondoo, na kondoo aliwaogopa kwelikweli. Alizaliwa na kukulia ghorofa ya tisa. Kondoo alimjua akiwa kwenye mchuzi. Kondoo mzima alikutana naye mara moja tu, utotoni, nyumbani kwa babu yake, na mkutano ule uliisha yeye akiwa juu ya trekta analia.

Sasa Daktari Nayef, mwalimu wa somo hilo, alikuwa mtu wa moyo mweupe, ila alisikia kile tu alichotaka kusikia. Siku ya kwanza alipokuwa akiita majina akafika kwenye la Raushan, aliweka kalamu chini.

"Wewe ni wa Kazakhstan?"

"Ndiyo, Daktari, lakini..."

"Jamani, leo na mimi nakaa nisome," akawaambia wanafunzi. "Hawa wenzetu wanazaliwa zizini."

Raushan alitaka kusema kwamba ghorofa ya tisa haina zizi. Lakini darasa zima lilishamgeukia kwa heshima, na tangu afike Irbid, mji huu wa Waarabu, hakuna aliyewahi kumtazama hivyo. Wengi walimuuliza tu kama ni Mchina. Akanyamaza. Ujinga wote ulianzia hapo.

Akajitafutia mbinu. Kila Daktari alipomuuliza habari za kondoo fulani, alisimama nje ya uzio, akakunja mikono, akamkodolea macho yule mnyama kwa muda mrefu, kisha akasema polepole: "Kwetu, huyu tungemwacha kwanza." Basi. Kondoo anachechemea? Tungemwacha kwanza. Jike kamkataa mwanawe? Tungewaacha kwanza. Wenzake wakaandika neno kwa neno. Na kwa kuwa kondoo wa chuo walizoea kupimwa, kudungwa na kushikwashikwa mchana kutwa, mapumziko yale yaliwafaa. Wakanenepa, na mikia yao ya mafuta ikawa inatikisika kama mito ya sebuleni. Daktari Nayef akaipa jina, Njia ya Kikazakh, akaisimulia kila mahali alipoalikwa kula.

Ukafika mtihani. Kila mwanafunzi alitakiwa kumkamata kondoo, kumfungua mdomo na kutaja umri wake kwa kutazama meno. Anayeshindwa amelikosa somo, na Raushan akilikosa somo ameikosa ikama. Meno aliyajua yote kitabuni. Tatizo ni kwamba mtihani uliyaleta yakiwa na kondoo.

Daktari Nayef alimwalika mkuu wa kitivo aje kuiona Njia ya Kikazakh kwa macho yake. Na ili kumpa mgeni heshima, akamtengea Raushan dume kubwa kuliko wote, jina lake Basha. Basha akainamisha kichwa. Raushan hakungoja akiinue. Mara alikuwa amesimama juu ya ukingo wa hori, kashika nguzo kwa mikono miwili, anapiga kelele kwa lugha ya mama yake. Kisha akaangua kilio na kutoboa yote.

"Nisamehe, Daktari. Mimi nimekulia ghorofa ya tisa. Sijui kondoo. Nawaogopa."

Mkuu wa kitivo, aliyesimama mbali kwa kuhurumia viatu vyake, akauliza binti anasema nini.

Daktari Nayef alibadilika rangi. Akalisogelea hori na kunong'ona, "Usishuke, binti yangu. Nakuomba." Kisha akapaza sauti: "Anaeleza mbinu, mheshimiwa. Kwao mchungaji hukaa juu kwanza, kondoo amzoee."

Bahati nzuri njaa ya Basha ilikuwa kubwa kuliko hasira yake. Alipokuta hori halina shayiri, akaikamata kamba ya kiatu cha Raushan na kuivuta taratibu, mdomo wa chini umefunuka wote. Raushan akainama kidogo, machozi yanamtiririka, akachungulia.

"Meno mapana manne," alisema. "Miaka miwili."

Alikuwa amepatia. Daktari alimpa alama za juu kabisa, bila kumtazama usoni, na kamba ya kiatu haikuonekana tena. Raushan akaapa kwamba hatadanganya tena maisha yake yote.

Umm Laith akatoa barua, Raushan akaipeleka ofisi ya ikama. Afisa akafunua pasi, akasoma orodha ya masomo, akasita. Kazakhstan, na tena kondoo. Akauweka muhuri pembeni, akatoa simu na kumwonyesha picha ya kondoo jike wa baba yake, mgonjwa, hataki kula tangu juzi.

"Dada yangu, nyie kwenu mngemfanyaje huyu?"

Raushan alikikumbuka kiapo chake. Akautazama muhuri. Akakunja mikono, akaikodolea macho ile picha kwa muda mrefu.

"Kwetu," alisema, "huyu tungemwacha kwanza." Halafu roho ikamsuta, akaongeza haraka kwamba wamwite na daktari wa mifugo.

"Tulishamwita," afisa akasema, akigonga muhuri. "Naye kasema hivyohivyo."