Siku Gari Langu Lilipomkalisha Mama Mkwe Barabarani

Chekeni mapema, tusisumbuane katikati. Mimi ndiye niliyemkalisha mama mkwe wangu barabarani, mbele ya soko zima la Andoany, siku ya arusi ya binti yangu, na kama kuna mtu wa kisiwa hiki cha Nosy Be ambaye hajaisikia habari hii, basi alikuwa safarini.

Kazi yangu ilikuwa kutia kalafati, kuziba nyufa za vyombo vya baharini kwa pamba na mafuta, na zama zile za Wafaransa vyombo vilikuwa vingi na mdomo wangu ulikuwa mwingi kuliko vyombo. Binti yangu Zaina alikuwa anaolewa. Huyu alilelewa na bibi yake, Bi Rehema, mama wa mke wangu, huko shambani kwenye milangilangi, na alituambia waziwazi kwamba bibi yake asipokuwapo hatatoa idhini ya nikahi. Tabu ni kwamba Bi Rehema alikuwa na nyonga mbovu, hawezi kutembea, na mara ya mwisho alipopakiwa kwenye gari la ng'ombe alifika analia. Basi nikasema nitanunua gari, nimlete bibi arusini, na baadaye nibebee maua kuyapeleka yakakamuliwe mafuta.

Nikavuka bahari hadi mji wa Mahajanga, mtaa wa kwetu wa Mangarivotra, pamoja na shemeji yangu Saidi, mtoto wa Bi Rehema, dereva wa lori. Tukaonyeshwa gari moja la zamani, jeusi, la Mfaransa aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, na juu liling'aa hata ungeweza kunyolea ndevu. Saidi akaniambia, "Shemeji, rangi haibebi mtu. Lala chini uichokoe chasi kwa bisibisi." Lakini ilikuwa Ijumaa, tumetoka msikitini, nami nimevaa kanzu mpya nyeupe, kwa hiyo sikulala (na mambo yote yalianzia hapo, kwenye kanzu). Niliinama tu, nikapitisha mkono chini, nikakuta lami nene, mbichi, imepakwa toka mbele hadi nyuma, na moyo wangu ukafurahi, kwa sababu kwetu sisi watu wa vyombo, chombo kilichopakwa vizuri tumboni ni chombo chenye mwenyewe, mvivu hapaki.

"Huyu amelitunza," nikamwambia Saidi.

"Gari halielei, shemeji. Mtu anayepaka lami mpya gari analoliuza, muulize anaficha nini."

Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Nimepapasa matumbo ya vyombo kabla hujaota meno, leo unifundishe tumbo?" Yule Mfaransa, ambaye hakuelewa neno, akanipa mkono upesi upesi kama mtu anayeogopa kuachwa na meli.

Sasa sikilizeni namna mtu anavyoambiwa asisikie. Meli ya mizigo ilipolishusha Andoany kwa winchi, gari likiwa linaning'inia angani lilitoa mlio kama mlango mkongwe. Nikasema ni minyororo. Lilipotua gatini, mlango mmoja wa nyuma, ambao Mahajanga ulikuwa unafunga bila shida, ukakataa kufunga. Saidi akanitazama. Nikasema safari imelichosha, nikaufunga kwa kamba. (Mtu angeniletea chombo ambacho mbao zake zimeachana hivyo, ningemwambia palepale kuwa mkuku, uti wa mgongo wa chombo, umepinda, lakini ukishajisifu hata macho yako yanakuonea haya.)

Siku ya arusi nikamfuata Bi Rehema. Tulimpakia nyuma, amejifunga salovana yake ya hariri na kujitanda, katikati ya wadogo zake wawili, wanawake waliojaliwa miili, na sufuria kubwa ya wali miguuni mwao. Saidi alikaa mbele nami, mkono mmoja ameupeleka nyuma kuushika ule mlango wa kamba. Teremko la kuingia mjini tulilimaliza salama, nikaanza na kuimba, tukafika sokoni kwenye tambarare, nikakanyaga breki kumpisha mtu mwenye mkokoteni, na hapo nikasikia chuma kinakatika chini yetu, sehemu ya mbele ya gari ikainuka, nikajikuta natazama mawingu. Kisha Bi Rehema akasema taratibu, kama anayeomba apitishiwe chumvi, "Baba Zaina, mbona barabara yenu ina moto?"

Gari lilikuwa limevunjika kiuno, na kiti cha nyuma kimekaa juu ya mawe ya barabara pamoja na wote waliokuwa juu yake. Soko zima likaja. Nami, nimevaa kanzu ya arusi, mpya kuliko ile ya kwanza, ndipo nikalala chini. Niliivuta ile lami ikatoka na gunia, na udongo, na vipande vya makopo ya biskuti yaliyopondwapondwa yakawa bapa, na nyuma ya makopo hapakuwa na chasi, palikuwa na kutu inayomomonyoka kama mkate mkavu. Kopo moja lilikuwa bado na picha ya msichana wa Kizungu anayecheka. Mwanamke mmoja wa samaki akawaambia wenzake kwa Kibuki, yaani Kimalagasi, "Mzee kanunua biskuti," na kicheko kilichofuata nadhani kilisikika ng'ambo hadi kisiwa cha Nosy Komba.

Sikutaka kutoka chini ya gari. Nilitamani nizikwe palepale. Bi Rehema akaniita, "Baba Zaina, toka huko, nikahi inangoja."

"Mama, nimekuvunjia heshima."

"Heshima yangu haijafungwa kwenye hilo bati. Saidi, kiti hiki kinatoka?"

Kilitoka. Saidi alikifungua, makuli wanne wakaja kutoka gatini, wakamwinua Bi Rehema juu ya kiti cha gari, mgongo wima, wadogo zake wakafuata na sufuria, nami nyuma ya wote, nimejaa lami hadi kwenye ndevu. Wanawake wa sokoni waliokuwa wakicheka wakaanza kuimba, wakatusindikiza, na tulipofika nyumbani watu wakapiga vigelegele wakidhani tumeyapanga. Mama wa bwana arusi akatoka, akauliza ni mtindo gani huu. Nikafumba macho nikingoja kufedheheka mara ya pili.

Bi Rehema akamjibu, "Mkwe wangu hakutaka mguu wangu uguse mchanga. Mtazame mwenyewe alivyojichafua kwa ajili yangu."

Nililia mbele za watu, sioni haya kusema. Zaina alitoa idhini ameshika mkono wa bibi yake.

Namshukuru Mungu kwamba chuma kile kilikatika sokoni na si kwenye teremko, maana leo ningekuwa nasimulia msiba. Namshukuru Saidi, ambaye mpaka leo hajaniambia "si nilikwambia". Na wewe unayetaka gari kuukuu, lala chini, chokoa kila pahali, iogope lami mbichi kuliko kutu inayoonekana, na mlango ukianza kukataa kufunga usiutafutie kamba. Mimi kununua gari nimekoma, sinunui tena.

Kile kiti Bi Rehema hakukirudisha. Alikiweka barazani kwake, akakikalia miaka yake yote iliyobaki, akidai ndicho pekee kinachoielewa nyonga yake. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai kiti kimoja, lakini kila nilipokwenda kumjulia hali alisogea kidogo, akapigapiga mahali pangu, akasema, "Kaa, Baba Zaina."