Darasa zima liliimba jina la dada yangu marehemu, na mwalimu ndiye aliyepiga mdundo

Wakuu, nimesimama juu ya dawati. Miguu peku, kaptula ya kaki, damu inachuruzika sikioni.

Chini yangu watoto arobaini wanaimba jina la dada yangu aliyekufa. Mwalimu Elifasi anagonga meza kwa fimbo ili wasipotee kwenye mdundo.

Salamu zenu zinafuata sasa, hamjambo wote humu. Sina cha kuongeza wala cha kupunguza.

Shule niliishia darasa la tatu, mkiona makosa mnivumilie. Uzi huu nimeuanza mara nne. Naandika mistari miwili, nanyanyuka, naenda kuangalia ng'ombe ambao hawana shida yoyote, narudi.

Kilichoniwasha ni homework.

Juzi binti yangu wa mwisho kaja na daftari. "Baba, nipe visawe vya bahati. Mwalimu anataka vitatu."

Nikamwambia amuulize mama yake.

"Mama yuko mnadani. Wewe si upo hapa?"

Nikatoka nje nikamwacha na kalamu yake.

Turudi nyuma.

Tulihamishwa Serengeti nikiwa mdogo, tukaletwa huku Ngorongoro. Hatujazoea hata baridi, surua ikamchukua dada yangu, yule aliyekuwa akinibeba mgongoni.

Kwetu Wamasai enzi zile, mtu akishakufa jina lake halitajwi tena bomani. Na kama jina limetokana na neno la kila siku, neno hilo nalo mnaliweka pembeni, mnatafuta jingine la kushika nafasi yake. Jina la dada lilitokana na neno letu la bahati. Mama akaliacha. Ng'ombe akizaa salama alisema, "Engai ametutazama," yaani Mungu. Nasi tukasema hivyo hivyo.

Hapa pia sitaliandika. Msinifuate PM.

Baba akanipeleka shule ya bweni Karatu. Alikuwa na sababu moja tu. Karatasi ya kutuhamisha ilipoletwa, hakuna mtu bomani aliyeweza kuisoma. Alitaka ya pili ikija, awepo mmoja.

Mwalimu Elifasi alitufundisha Kiswahili, na kufundisha alijua, nisimnyime. Alikuwa na mchezo aliouita maneno ndugu. Anataja neno, unasimama, unalisema kwanza kwa lugha ya kwenu ili ajue umeelewa, halafu unataja ndugu zake kwa Kiswahili. Hofu, woga, kicho. Watoto wa wenye maduka pale mjini walitupiga bao kila siku, wao Kiswahili wamenyonya nacho. Lakini mimi niliupenda mchezo ule. Nilijisemea, kumbe hata shuleni wanafanya kama mama.

Siku hiyo akasema: bahati. Zamu yangu.

"Sudi," nikasema. "Nasibu. Jaha."

"Umeanzia mkiani. Kwa Kimasai?"

Nikayarudia yale yale matatu.

"Wewe! Maziwa yamekuziba masikio?"

Darasa likacheka. Akanizibua kofi. Sikio la kushoto mpaka leo ni pambo tu.

Nikadhani yameisha. Ndipo Lemayani, Mmasai mwenzangu wa Arash, kiranja wetu, niliyelala naye kitanda kimoja bwenini na kumwambia mambo yangu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hawezi kulisema. Ni jina la dada yake. Alikufa."

Labda alitaka kuniokoa. Sijui, miaka yote hii sijui.

"Aa," mwalimu akasema. "Basi ushirikina huo tunautoa leo. Panda juu ya dawati. Lemayani, liseme wewe, wenzako wafuate."

Lemayani akaniangalia. Akaiangalia fimbo. Akalisema.

Mchana ule ule nikatoroka. Siku mbili kwenye msitu wa kule juu ya kreta, na nyati wake, sikio likitoa usaha. Nilipofika baba hakunipiga. Aliuliza kitu kimoja.

"Karatasi unaweza kuisoma?"

"Kidogo."

"Basi hicho kidogo kitatutosha."

Hakikututosha. Barua za serikali zilikuja, nikazishika juu ya magoti mbele ya wazee, maneno makubwa yakanishinda, na nikaona baba anatazama pembeni.

Nilichojifunza ni hiki: yule mtu alifundisha kwamba neno likikukwama kooni, lina ndugu, chukua ndugu yake. Mtoto alipofanya hivyo hasa, akampasua sikio.

Waliopitia kama haya waandike hapa chini. Ila wa kuniambia nisamehe, asubiri kwanza wahusika waseme.

Lemayani, nasikia unasoma humu. Ulinyoosha mkono kwa nini?

Na wewe Mwalimu Elifasi, upo hai, ni mzee wa kanisa hapo Karatu, watu wanakupa mkono kwa mikono miwili. Wajukuu zako wakusomee hii. Nilikupa maneno matatu, yote sahihi. Lile la nne ulilitakia nini?

Njoo ujibu, kwa jina lako.